Korido Giza: Bati la Mwanga Uweke Mwenyewe au Umwite Fundi?

Masika yakishapita, simu za aina moja huanza kuingia. "Fundi, korido yangu giza mchana kweupe, nawasha taa saa sita. Nimeona dukani bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga. Nikilipachika mwenyewe kuna ubaya?" Mimi napaua nyumba hapa Morogoro, na kazi hii ya kuingiza mwanga kupitia paani nimeifanya Kihonda, Mazimbu, hadi Bigwa chini ya milima ya Uluguru. Anayepiga simu huwa anataka kusikia "fanya" au "usifanye". Mimi naanza kumhoji, na wengine hukasirika, wanadhani natafuta kula hela yao. Basi maswali yenyewe ni haya, uyajibu ukiwa kwako, bure.

Hilo giza linatoka wapi?

Kabla hujaliangalia paa, ingia koridoni saa nne asubuhi, fungua milango yote ya vyumba, simama katikati ushike gazeti. Ukilisoma bila kukunja uso, mwanga unao, ila umeufungia vyumbani. Nyumba zetu nyingi zimejengwa hivyo: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele kule, jiko huku. Kila mtu akifunga mlango wake, koridoni hapaoni mtu. Hapo dawa ni kumwita seremala akate sehemu ya juu ya milango miwili mitatu aweke kioo kisichoonyesha mtu. Hakuna tone la mvua litakalokufuata kwa kazi hiyo.

Angalia na rangi. Ukuta wa rangi ya mafuta ya kahawia hadi kifuani, na dari ya krimu iliyoshika moshi, vinameza mwanga wote. Paka nyeupe kwanza, ukae wiki moja, halafu uamue. Na kama mwembe umelifunika dirisha la jikoni, punguza matawi. Nimejinyima kazi kadhaa kwa ushauri huu, lakini afadhali hivyo kuliko kuitwa mwezi wa nne usiku kwa sababu ya uvujaji.

Zinabaki sehemu ambazo kweli hazina namna: choo cha ndani kisicho na dirisha, stoo, korido ndefu ya nyumba iliyobanana na ukuta wa jirani, na chumba kilichozibwa dirisha jiko lilipoongezwa nyuma. Hapo tupande juu.

Paa lako ni la namna gani?

Elewa kwanza jinsi paa la bati linavyozuia maji, maana uamuzi wote umelala hapo. Bati la juu linalalia bati la chini. Maji yanateremka kutoka kofia (bati linalofunika kilele cha paa) hadi ukingoni bila kukutana na mdomo wowote ulioelekea juu. Gundi haina kazi hapo, wala silikoni. Sasa mtu anachukua grenda, anakata dirisha katikati ya bati, anafunika kwa kipande cha plastiki na kupaka silikoni pande nne. Upande wa juu wa kile kipande tayari ametengeneza mdomo unaopokea maji. Kilichobaki kati yako na mvua ni gundi tu, na gundi hiyo inapikwa na jua kila siku. Itashika mwaka wa kwanza, ndiyo maana jirani atakwambia "mbona yangu haivuji?" Mwulize tena baadaye.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia: usitoboe bati, badilisha bati. Toa la chuma, weka la plastiki lenye migongo ileile mahali pake, bati la juu lilalie plastiki, plastiki ilalie bati la chini. Maji hayatajua kama kuna kilichobadilika.

Toka nje, simama mbali kidogo, tazama paa. Ukiona mistari ya kuungia inayokata paa kwa upana, bati zako ni fupi, zile za mita tatu zinazouzwa moja moja. Hilo ndilo paa ambalo mtu mwenye mikono mizuri anaweza kulifanyia kazi mwenyewe. Usipoona muungo wowote toka kofia hadi ukingoni, bati zako zilikatwa kiwandani kwa kipimo cha paa. Bati za msauzi mara nyingi zinakuja hivyo. Hapo utalazimika kununua plastiki ndefu kama bati zima, au bati la chuma likatwe upana wake wote likiwa juu ya papi (zile mbao ambazo bati hufungwa juu yake) na plastiki ichomekwe katikati. Hilo la pili linawezekana, lakini kulegeza bati refu bila kulikunja ni kazi ya watu watatu wanaoelewana. Mwite fundi.

Mapaa mengine sibishani nayo, jibu ni hapana:

Paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yaliyo kwenye nyumba nyingi za zamani za taasisi na za serikali. Usikate, usitoboe, usikwangue. Vumbi lake linaleta saratani na ugonjwa wa mapafu, na linakudhuru wewe pamoja na watoto walio chini. Mashirika ya afya duniani hayajaacha nafasi ya ubishi hapa.

Nyumba za kontemporari, ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta. Mteremko wake ni mdogo, maji yanatembea polepole, na mifereji iko ndani ya nyumba. Paa hilo linatafuta tu sababu ya kuvuja, usilipatie.

Vigae na zile bati za changarawe. Vinahitaji dirisha la paa lenye fremu na mabati yake maalumu ya kuelekeza maji. Mwenye vifaa hivyo akuuzie na akufungie.

Paa la ghorofa, na paa lolote ambalo ukisimama juu yake unalazimika kushika kitu. Na nyumba ya kupanga: hata kama unalipa mwaka mzima, muulize mwenye nyumba, umwonyeshe utakachofanya, mwandikiane. Nyumba yako mwenyewe ikiwa mpya, soma karatasi za dhamana ya mabati kabla hujagusa skrubu.

Na wewe je?

Swali hili watu hulipita haraka. Unapanda ngazi mpaka kidato cha mwisho bila kutetemeka? Unaye mtu wa kukushikia ngazi ambaye hataenda kununua vocha? Mara ya mwisho kutumia drili ilikuwa lini? Mwenye kisukari, presha, kizunguzungu, au aliyelala masaa mawili, abaki chini aongoze kazi kwa mdomo.

Bati la chuma hukanyagwa kwenye mstari wa skrubu, maana chini yake kuna papi. Bati la plastiki halikanyagwi popote, siku yoyote, hata likiwa jipya. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, imeonya kwa miaka mingi kwamba kuanguka kupitia mapaa dhaifu na mabati ya mwanga ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi katika ujenzi. Huko kwao wana mikanda na jukwaa. Sisi tuna ndala. Plastiki inapigwa na jua miaka, inakauka, vumbi la barabara linaifunika hadi inafanana na bati la jirani yake, halafu anapanda mtu kurekebisha dishi. Ukiweka bati la mwanga umeweka shimo paani, na ni lazima uliwekee kinga. Nitalirudia hili.

Kiasi gani, upande gani

Jua la saa sita kukiwa hakuna wingu linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Bati angavu kabisa la ukubwa huo, saa hiyo ni kama kuacha pasi ya umeme imewashwa darini. Watu hawalifikirii hili, wanafikiria mwanga tu, halafu Januari wananunua feni.

Kipimo changu ni asilimia 5 ya sakafu, na kwenye joto letu sipendi kuzidi. Korido ya mita 6 kwa mita 1.2 ina mita za mraba 7.2, kwa hiyo inataka uwazi wa takribani sentimita 60 kwa 60 kwenye dari. Umeona? Bati moja la mita tatu ni kubwa mara nyingi kuliko unavyohitaji. Usiliweke zima kwa kuwa tu ndivyo linavyouzwa. Lile bati la chuma ulilolitoa, likate ukiwa chini kwenye uwanja, kipande chake ukirudishe upande wa ukingoni, na plastiki fupi ilalie juu yake. Hakikisha tu muungo unaangukia kwenye papi.

Rangi: chukua ya maziwa, achana na ile angavu. Angavu inatupa kipande cha jua kikali sakafuni kinachotembea koridoni siku nzima, kando yake bado giza. Ya maziwa inasambaza.

Upande wa paa nao una hesabu yake. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita linakuwa kusini mwa utosi wetu, na hiyo ndiyo miezi ya kutoa jasho. Miezi mingine linakuwa kaskazini. Kwa hiyo mteremko unaotazama kaskazini unapokea jua la Desemba likiwa limelala kidogo, na la Juni na Julai, wakati wa baridi, unalipokea sawasawa. Ukiweza kuchagua, chagua huo. Mteremko wa magharibi ukwepe, jua la saa tisa halina huruma. Kwa mtu wa Nairobi, nyuzi moja na kidogo tu kusini, tofauti ya kaskazini na kusini ni ndogo, lakini la magharibi linabaki palepale. Wa Lushoto, Njombe au Mbeya joto si tatizo lake. Yeye ajiandae na unyevu unaojikusanya kama umande chini ya plastiki alfajiri na kudondoka.

Dukani

Usiende na picha ya simu. Chukua kipande cha boksi, kisimamishe kwenye ncha ya bati pale ukingoni, ufuatishe migongo kwa kalamu, ukate kwa kisu. Nenda nacho dukani ukilalishe juu ya plastiki. Mgongo ukipishana hata kwa upana wa kidole, bati halitalala, na pale linapoinuka ndipo maji ya upepo yanapoingilia. Mwenye duka atakwambia "litajishika tu ukilikaza." Mwachie.

Polikaboneti ni ghali kuliko faibaglasi, na mimi nainunua hiyo. Faibaglasi ya bei ya chini baada ya muda inageuka njano, nyuzi zake zinachomoza, na mwanga unapungua. Polikaboneti ina upande mmoja uliopakwa kinga ya miale ya urujuanimno, na upande huo ndio unaotazama juu. Umeandikwa kwenye karatasi ya nailoni iliyoifunika. Ndiyo maana nasema usibandue nailoni dukani: ukishaibandua, pande zote mbili zinafanana machoni, na ukiigeuza umenunua plastiki ya kupasuka. Weka alama ya kalamu kwenye kona ya upande wa juu. Siku ya kufunga ibandue yote, maana ikibaki jua huipikia hapohapo haitoki tena.

Silikoni: fungua, nusa. Ikinuka siki, rudisha. Ile asidi inakula zinki ya bati na inaweza kuitia plastiki nyufa ndogondogo. Omba isiyo na asidi. Utaihitaji kidogo tu, kwenye kofia na mahali pa dharura. Ukijikuta unanunua chupa tano, jua kwamba unapanga kutoboa, hupangi kubadilisha.

Skrubu ziwe na washa pana (kile kisahani cha chini ya kichwa cha skrubu) na raba laini. Misumari ya bati iache, nyundo na plastiki havipatani. Ongeza papi moja au mbili, maana plastiki inataka kushikiliwa karibukaribu kuliko chuma.

Siku ya kazi

Kazi hii ni ya Juni hadi Septemba. Anza saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo bati lina umande na linateleza, na kuanzia saa sita huwezi kuligusa. Turubai liwe tayari hata kama mbingu ni nyeupe.

Zima meni swichi, ingia darini na tochi na barakoa. Nyumba nyingi za huku zina popo, na mavi yao yakitimuliwa hayafai kuvutwa. Angalia nyuki na nyigu pia, hao ni wa kukutana nao ukiwa chini, hutaki wakukute kwenye ngazi. Sasa tafuta nyaya za umeme zinapita wapi, kenchi (mbao kuu zinazobeba paa zima) ziko wapi, papi ziko wapi. Kenchi haikatwi. Narudia kwa herufi kubwa: HAIKATWI, hata kama iko katikati kabisa ya mahali unapotaka mwanga. Sogeza uwazi. Papi nayo iache ilipo, ipake nyeupe, kivuli chake hakitamsumbua mtu. Ukishalijua bati litakalotoka, pigilia msumari kutoka ndani hadi utokeze juu. Kwa vile bati hilo linaondoka, tundu halina madhara, na ukifika juu hutahangaika kupima.

Ngazi iegemee hivi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake utoke mita moja ukutani, na kichwa chake kizidi ukingo wa paa kwa mita moja hivi ili uwe na pa kushika unaposhuka. Viatu vya raba. Fungua skrubu za bati lenye msumari, na mstari wa chini wa bati lililo juu yake, na mstari wa pembeni wa bati la jirani linalolilalia. Hapa ndipo wengi hukwama: kila bati ubavu mmoja umelaliwa na ubavu mwingine unalalia. Kumbuka ni upi na upi, au piga picha, kwa sababu plastiki lazima ikae vilevile. Kama ni misumari, weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo unapong'oa, usije ukabonyeza migongo ya bati linalobaki. Halafu livute bati taratibu kuelekea chini, mwenzako alipokee.

Kukata chuma, tumia mkasi wa bati. Grenda inaunguza zinki na rangi kwenye ukingo, na cheche zake zikidondoka kwenye bati zima kila moja inageuka doa la kutu. Plastiki ikate kwa msumeno wa meno madogo, ukiwa umeilaza vizuri.

Sasa matundu, na hapa usiwe na haraka. Tuseme usiku paa lina nyuzi 20 na saa nane mchana lina 60. Polikaboneti ya mita tatu inarefuka karibu milimita 8, wakati chuma haifikishi milimita 2. Ukiifunga kwa matundu yanayobana, haina pa kwenda, kwa hiyo inajikunja kati ya skrubu na skrubu, na siku moja utasikia "ta!" ndani ya nyumba ukadhani ni paka. Ule ndio ufa wa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 6 toboa tundu la 10, kwa drili ya mwendo mdogo, juu ya mgongo na si bondeni, na uweke skrubu katikati ya tundu. Washa pana itafunika. Kaza hadi raba ianze kuchungulia pembeni mwa washa, basi. Wanaokaza mpaka inalia ndio wanaonipigia simu.

Mlalio wa juu na wa chini uwe sentimita 20 kwenye paa la mteremko wa kawaida. Mteremko ukiwa mdogo, 30, na utepe wa kuzibia ndani ya muungo. Ukimaliza, fagia vumbi la chuma lote, hasa lililo bondeni.

Kisha mwagia maji. Mtu mmoja darini na tochi, wewe na mpira wa maji. Anza chini kwenye muungo wa chini, dakika tano, nyamaza msikilize. Ndipo ubavuni, ndipo muungo wa juu, na kofia mwisho. Ukianzia juu, maji yatafika kila mahali kwa pamoja na hutajua tone limetokea wapi. Tone likionekana, usipake silikoni chini yake. Fungua skrubu zilizo juu ya hapo utazame mlalio.

Darini, mwizi na wadudu

Kati ya bati na dari unahitaji kisanduku, vinginevyo mwanga wote unaishia kwenye mavumbi ya darini. Kitengeneze kwa plaiwudi au jipsamu, ndani nyeupe, chini kiwe kipana kuliko juu ili mwanga ufunguke. Chini kifunike kwa kipande cha plastiki ya maziwa kilicholala tu juu ya fremu, bila gundi. Kumbikumbi wataingia, hata ufanye nini, na utahitaji kukinyanyua ukifute. Kile kipande cha chini kinazuia joto pia: hewa moto inabaki juu kwenye kisanduku. Sehemu ya plastiki isiyo juu ya kisanduku, ifunike kwa ndani kwa karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto.

Halafu grili. Skrubu nane zikifunguliwa mtu yuko koridoni kwako, na hafanyi kelele. Mchomeleaji akuunganishie nondo za milimita 12, nafasi ya sentimita 12, kama grili ya dirisha, ifungwe kwenye kenchi chini ya plastiki. Hiyo hiyo ndiyo itakayomdaka atakayekanyaga vibaya. Ukipiga hesabu ya gharama na ukaiacha grili nje ya hesabu, hujapiga hesabu. Na ukijumlisha bati, papi, skrubu, kisanduku, nondo na mchomeleaji, utaona pesa ya fundi wa siku moja si kubwa kama ulivyodhani, hasa kama huna drili wala ngazi.

Kwa jiko la nje na banda

Mahali pasipo na dari, usihangaike na yote hayo. Mwaka 2002 fundi makanika wa Brazil, Alfredo Moser wa mji wa Uberaba, wakati umeme unakatika kila mara nchini kwao, alichomeka paani chupa ya plastiki ya lita mbili yenye maji safi na vifuniko viwili vya jiki. Maji yanapinda mwanga na kuusambaza pande zote, jiki inazuia ukungu wa kijani. Chupa moja inatoa mwanga wa balbu ya wati 40 hadi 60 jua likiwaka, kisha shirika la Liter of Light likaisambaza kutoka Ufilipino hadi nchi nyingi. Ndiyo, hapa unatoboa bati, nami nimetoka kusema usitoboe. Lakini tundu ni dogo, chupa imejazana ndani yake, na likivuja linavuja kwenye kuku. Tumia gundi ngumu ya rezini kuzunguka shingo ya tundu, na ubadilishe chupa ikianza kufifia.

Ukiamua kumwita fundi

Muulize atalalisha plastiki namna gani. Akianza kukueleza silikoni, mshukuru kwa muda wake. Akianza kukueleza bati lipi litalalia lipi, endelea kumsikiliza. Mwambie unataka grili, uone kama anakunja uso. Na bakiza sehemu ya malipo hadi mvua ya kwanza kubwa ya vuli. Nami nakubali masharti hayo, ingawa siyapendi.

Kila Septemba panda ngazi (paani usipande) ukaioshe plastiki kwa maji ya sabuni na brashi laini yenye mpini mrefu. Petroli na tina zitaiharibu. Na kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka, andika USIKANYAGE kwenye mabati ya chuma yaliyoizunguka pande zote, maana fundi wa dishi atapanda siku ambayo haupo na hatamuuliza mtu.